Mashine yangu ya kusukumia udongo haina lebo

Karakana ya ufinyanzi ninayoilipia uanachama hapa Des Moines, Iowa, Marekani, imenikataza kuingiza mashine niliyoiunda mwenyewe. Barua ya kamati ilikuwa fupi: mashine haina lebo ya kiwanda, kwa hiyo bima haiitambui. Hakuna aliyeuliza inafanyaje kazi. Hakuna aliyepima bamba lililotoka chini yake. Imenikera sana, na kwa kuwa shemeji yangu aliyeko Mbeya naye ameniuliza kwenye simu nahangaika na mabomba ya nini ilhali Wakisi wa Ziwa Nyasa wanafinyanga bila hata gurudumu, nimeona niwajibu wote kwa pamoja.

Vyungu vya Wakisi sina haja ya kuvieleza. Mmevinunua Matema, mmepikia, mnavijua. Mimi natengeneza vitu vya pembe: sinia za mraba, vigae vya ukutani, vyombo vya kupandia maua. Vitu hivyo huanzia kwenye bamba la udongo lililo bapa, lenye unene mmoja toka ukingo hadi ukingo. Asiye na mashine hulisukuma kwa mti, kama chapati, akiwa ameweka mbao mbili nyembamba za unene sawa kushoto na kulia ili mti upite juu yake usizame zaidi. Ni njia nzuri na nimeitumia muda mrefu. Ila bamba la upana wa sentimita 60 linataka mabega, na mabega ya mtu aliyetoka zamu ya usiku hayana cha kutoa.

Unene nausisitiza kwa sababu udongo hunywea ukikauka, kisha hunywea tena tanurini. Udongo ninaoutumia, unaochomwa kwa moto mkali, hupungua kwa jumla kiasi cha asilimia 10 hadi 13. Palipo pembamba hukauka mapema, huanza kuvuta pale palipo nene pangali na maji, na ufa hutokea katikati. Tena chembe za udongo zenyewe ni bapa. Ukisukuma upande mmoja tu, zote hulala kufuata upande huo na bamba hupinda likikauka. Dawa yake ni kuligeuza robo mzunguko, kulipindua, kulisukuma tena, na kushusha unene kidogo kidogo. Baadaye unalipitishia kipande cha mpira laini pande zote mbili, na unapolihamisha unalibeba juu ya ubao. Ukilinyanyua kwa ncha likajikunja, hata ukilinyoosha vizuri kiasi gani, tanurini litaukumbuka mkunjo ule. Kazi hii hakuna mashine inayomfanyia mtu. Pale karakanani wana mashine ya kiwandani, nzuri na ya bei kubwa, na vigae vilivyopinda huviona kila tanuri linapofunguliwa.

Mashine inachotakiwa kutoa ni kitu kimoja: nafasi isiyochezacheza kati ya rola na kilicho chini yake. Ndiyo maana wafinyanzi wa huku wamekuwa wakigeuza kila chombo chenye rola. Mashine za wachapaji picha, zile zenye kitanda cha chuma na skrubu mbili za kukazia juu, ni bora kuliko zote, ila wachapaji hawapendi maji ya udongo yaguse chuma chao. Mashine za waokaji za kutandazia unga wa keki nazo hufaa. Lakini kinachopatikana kwa wingi Iowa ni kikamulio cha nguo, yaani zile rola mbili za mpira ambazo nguo iliyofuliwa ilipitishwa katikati ili itoke maji.

Vikamulio ninavipata kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani, na hapa lazima nisimame kidogo, kwa kuwa wengi wenu hamjaliona jambo hili. Mzee akifariki huku, au akipelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, watoto wake huajiri kampuni. Kampuni inaingia na kubandika bei kwenye kila kitu: kabati, sufuria, miwani, chupa ya vifungo, soksi za Krismasi. Asubuhi watu wanapanga foleni nje wakiwa na namba mkononi, kisha wanaingia wasiomjua marehemu, wanafungua droo zake, wanakaa kitandani mwake kujaribu springi. Kesho yake kisichonunuliwa mara nyingi huuzwa nusu bei.

Sijalizoea. Nimewahi kushuka kwenye chumba cha chini cha nyumba ya bibi mmoja nikakuta aproni yake ingali imetundikwa karibu na kikamulio, na kwenye aproni kuna kikaratasi cha bei. Wajukuu wake walikuwa wapi? Hakuna hata mmoja aliyetaka aproni ya bibi yake? Nilinunua vyote viwili. Ndugu wa karibu hawakuwepo hata wa kumpa pole. Nilipokewa pesa na kijana wa kampuni. Jamii inayoweza kuuza aproni ya mama yao kwa mgeni, halafu inanidai lebo ili iamini kazi ya mikono yangu, inaniumiza.

Kwa nini vikamulio ni vingi hivi? Mji wa Newton uko kiasi cha kilometa 50 mashariki ya hapa, na ndiko ilikokuwa kampuni ya Maytag. Ilianza mwaka 1893 kwa kutengeneza vifaa vya mashine za kupura nafaka, ikatoa mashine yake ya kwanza ya kufulia mwaka 1907. Vijijini hakukuwa na umeme, kwa hiyo wakaweka hata injini ndogo za petroli. Mashine za kufulia zenye kikamulio juu waliendelea kuziunda hadi 1983, na kiwanda chenyewe kilifungwa 2007. Mwanangu wa kiume aliandika habari hizi kwa ajili ya shule, akazisoma mbele ya darasa, na mwalimu akamwuliza amezijuaje. Akajibu kwamba mama yake anavyo vipande vya mashine hizo gerejini. Niliona fahari ambayo siwezi kuieleza.

Lakini kikamulio kina kasoro mbili. Rola zake zimekalia springi ili zipishe shati nene na leso nyembamba, na springi hiyo hiyo huachia pale udongo unapokuwa mgumu, bamba likatoka lenye mawimbi. Wanaokifaulisha huondoa springi, wakaziba kwa boliti na vipande vya mbao. Pili ni upana: kwa kawaida hakifiki hata sentimita 40. Na cha umeme kisiguswe kabisa na mtoto. Vilivuta mikono ya watoto wa nchi hii hadi kwenye kiwiko na zaidi, na ndiyo sababu vya baadaye viliwekewa upau wa kuachia rola kwa kugonga.

Hivyo mimi niliacha rola za mpira nikachukua fremu na hendeli tu. Rola yangu ni bomba la chuma nene, kipenyo chake sentimita 11, kwa kuwa bomba jembamba hupinda katikati na kuacha tumbo kwenye bamba. Limekaa kwenye beringi mbili zilizofungwa kwa boliti kwenye meza. Chini yake hupita ubao wa plaiwudi uliobeba udongo katikati ya vitambaa viwili vya turubai la pamba. Unene naubadilisha kwa kuongeza au kupunguza mbao za milimita 3 chini ya ubao ule. Ukiachia hendeli, kila kitu kinasimama. Mbele ya bomba nimeweka kizuizi cha mbao kinachopitisha udongo na kuzuia vidole. Turubai halikung'utwi likiwa kavu, maana vumbi la udongo lina silika na huharibu mapafu, linafuliwa. Fundi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, anayeunda mashine za kukamulia miwa, angeimaliza kazi hii kabla ya adhuhuri na asingeulizwa lebo na mtu.

Kizuizi cha vidole ni wazo la binti yangu. Ana miaka kumi na mmoja na ndiye aliyekaa chini ya meza na pima maji akinielekeza, kwa Kiswahili chote, "Mama, inua kulia kidogo. Kidogo tena. Shusha." Kwa miaka miwili namwongelesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na nilishaanza kuamini waliosema lugha imeshampotea. Kumbe alikuwa hana la kusema nacho. Meza ya chakula haikumpa maneno. Beringi, nati na kona iliyopinda vimempa. Sasa anamgombeza kaka yake kwa Kiswahili anapozungusha haraka mno, na kaka yake anamjibu vivyo hivyo ili ashinde.

Kwa hiyo kamati ikae na bima yake. Mashine inabaki gerejini, na uanachama nitaulipia kwa ajili ya tanuri lao tu. Jumamosi tunasukuma sinia za harusi ya mama yao mdogo. Binti anataka milimita 6, kaka yake anasema 9 ili zisivunjike njiani, nami nimewaambia wasukume moja moja za kila unene, tuzikaushe taratibu, kisha tuone.