Bolti Imekataa Kuingia: Kupanua Tundu Katika Bamba Nene la Chuma

Ukiona habari za mabamba ya chuma na drili huenda ukafikiri kurasa hizi zimekosea mlango. Subiri kidogo. Mashine ya kusaga ya kikundi, geti la nyumba, tela la ng'ombe, vyote vinashikwa na bolti, na siku bolti mpya inapokataa kuingia katika tundu la zamani kazi yote husimama. Tena wanaotumwa kulipanua mara nyingi ni vijana wetu, nyuma ya nyumba, kwa drili ya kuazima. Sisi wauguzi hukutana nao baadaye, wakiwa wamefunika jicho kwa kiganja.

Kikundi chetu cha akina mama wa usharika kina kinu cha kusaga mahindi. Kwa muda mrefu kinu hicho kilitikisika, bolti zikalegea kila baada ya siku chache, na hatimaye mbili zikakatika kabisa. Kiliposimama, mama mwenye debe lake la mahindi alilazimika kutembea saa mbili hadi mashine nyingine, na mapato yanayonunua madaftari na sare za watoto yatima 11 yakakauka.

Ugonjwa wenyewe ulionekana mara tulipokifungua. Miguu ya kinu ilikuwa na matundu ya milimita 18 tangu kiwandani. Bamba la chini, lenye unene wa milimita 12, lilikuwa limetobolewa milimita 14 tu. Kwa hiyo aliyekifunga alitumia bolti za milimita 12, nazo zikawa zinacheza ndani ya ile miguu kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba. Dawa ilikuwa kupanua matundu 4 ya bamba yafike milimita 18, ili zipite bolti za milimita 16 na nafasi ndogo ya kupumulia.

Tulikuwa na nini? Karakana ndogo ya nyumbani ya mume wa mwenzetu mmoja: jiliwa imara, tupa za aina mbalimbali, vibanio 4 na drili ya umeme ya kushika mkononi. Kijana wa pale alikuwa tayari amekwisha kufunga biti ya milimita 18, ile yenye shina lililopunguzwa ili liingie katika taya za drili ndogo. Mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli, ndiye aliyemzuia. "Ngoja kwanza, mjukuu wangu," alimwambia. "Hilo tundu litakushika mkono."

Maneno yake yana maana, na ni vizuri tuyaelewe. Biti inapotoboa chuma kizima, katikati yake kuna chuma kinachoipinga, nayo huingia polepole. Lakini katika tundu lililokwisha kutobolewa, katikati ni patupu. Kingo za biti huuma pembeni tu, nayo hujivuta ndani yenyewe kama parafujo. Ghafla hunasa. Biti ikisimama na mota ikaendelea kuzunguka, kinachozunguka ni drili yenyewe, pamoja na kifundo cha mkono wa aliyeishika. Hatari huwa kubwa zaidi pale biti inapokaribia kutokeza upande wa pili.

Mwenye drili ya kusimama, ambayo bamba lake hubanwa mezani kwa vibanio, anaweza kuitumia biti hiyo kwa amani. Mwendo uwe wa taratibu. Kwa biti ya milimita 18 katika chuma laini cha kawaida, isizidi mizunguko 450 hivi kwa dakika, wakati drili nyingi za mkononi hukimbia zaidi ya 2,500. Atie mafuta ya kukatia chuma mara kwa mara. Biti ikibadilika rangi kuwa ya buluu, ujue imeungua. Mafundi wengine huisugua kidogo kwa jiwe ile kingo inayokata, ili makali yasiingie kwa pupa, na njia hiyo hufanya kazi. Kuibana drili ya mkononi kifuani na kuisukuma kwa nguvu si njia.

Sisi tuliambiwa tuchukue tupa. Tulicheka, maana unene wa bamba ulitutisha. Mzee akapiga hesabu kwa chaki sakafuni. Kutoka milimita 14 kwenda 18, chuma kinachotakiwa kuondoka katika tundu moja hakifiki gramu 10, kiasi cha vijiko viwili vidogo vya sukari. Kumbe tulichokuwa tunakiogopa ni hicho tu!

Kabla ya kuanza, tulipima ukingo. Mafundi wengi hutaka kutoka katikati ya tundu hadi mwisho wa bamba pabaki angalau mara moja na nusu ya upana wa bolti, yaani milimita 24 kwa bolti ya 16. La sivyo bamba litapasuka pale pembeni, na hapo hakuna ufundi utakaoliponya. Letu lilikuwa na milimita 40. Kisha tulichora duara la milimita 18 pande zote mbili za bamba, kwa bikari yenye ncha kali. Pande zote mbili, tunarudia, kwa sababu tundu linaloonekana zuri juu linaweza kuwa limekwenda upande chini.

Bamba lina uzito wa karibu kilo 19, hivyo walilipandisha wawili. Tulilibana katika jiliwa, tundu likiwa usawa wa kiwiko. Tupa ni ya duara, nyembamba kuliko tundu. Ya milimita 10 ilitosha. Ipake chaki ili vumbi la chuma lisigande katika meno yake, na ifunge mpini, kwani ule mkia uchi umekwisha kuchoma viganja vingi. Tupa hukata inaposukumwa mbele. Unapoirudisha, inyanyue. Zungusha bamba kila baada ya misukumo michache, usije ukapata tundu lenye umbo la yai.

Kosa la mikono migeni ni kuyumba. Tupa ikiyumba, midomo ya tundu hupanuka na katikati hubaki kifua, na bolti hukwama humo ukashangaa. Dawa yake ni ya jikoni. Chukua kipande cha chuma cha mviringo chenye milimita 18, kipake masizi ya sufuria, ukisukume ndani. Palipoachwa weusi ndipo pa kukwangua. Tundu la kwanza lilitumaliza karibu asubuhi nzima kwa zamu. La nne lilikwisha kabla chai haijachemka mara ya pili. Kazi ilimalizwa na akina mama watano, na tunasema hivyo bila haya.

Vipo vifaa vingine. Rima iliyochongoka, ambayo wajenzi wa madaraja hutumia kulinganisha matundu, ni nzuri sana ukipata ya kuazima. Msumeno wa tundu hufaa kwa upana mkubwa, ila biti yake ya katikati haina pa kushika. Piga kizibo cha mti mgumu ndani ya tundu la zamani, na kibane kisizunguke. Biti ya ngazi ni ya mabati na mabamba membamba, usipoteze pesa yako kwayo katika unene wa milimita 12.

Sasa yale ya upande wetu. Drili inapozunguka, hakuna glavu, hakuna pete, hakuna kanga inayoning'inia wala ncha ya kilemba. Glavu ikinaswa huvuta kidole pamoja nayo. Nyuzi za chuma zinazotoka ni za moto na zina makali. Ziondoe kwa brashi, baada ya mashine kusimama. Miwani ya kinga ivaliwe na mshika kazi na mshika taa pia. Watoto wakae mbali.

Kipande kikiingia jichoni, usisugue. Usijaribu kukitoa kwa sindano, ulimi wala sumaku, na maziwa ya mama tafadhali yabaki ya mtoto. Vumbi lililo juu ya jicho lioshwe kwa maji safi mengi. Lakini kama kitu kiliruka kwa kasi, hasa nyundo ilipogonga chuma, na mgonjwa anaona ukungu au mboni imebadili umbo, usioshe wala usibonyeze. Funika kwa kikombe safi kisichogusa jicho, uende naye hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu ni madogo. Chuma kilichobaki ndani ya jicho huweza kuliua polepole kwa kutu yake.

Na kuhusu mikwaruzo: sisi akina mama tulichomwa sindano za pepopunda tulipokuwa wajawazito, na wengi bado tunazo kadi. Kijana wako wa karakana, je? Muulize mara ya mwisho ilikuwa lini, kabla hajaishika tupa.