Mkopeshaji Anapoomba Kuiona Akaunti Yako

Zamani mkopeshaji wa mjini aliitazama mikono yako kwanza. Bangili za dhahabu zilivuliwa, zikapimwa, zikafungiwa kabatini mpaka deni liishe. Siku hizi anachotaka kukiona wakopeshaji wengi ni akaunti yako ya benki au ya simu: kinaingia nini, kinatoka nini, na mwisho wa mwezi kinabaki nini.

Tumchukue mama wa Mpendae anayeuza malai, barafu na juisi ya ukwaju barazani kwake. Friza lake dogo limechoka, naye anataka kukopa anunue jingine kubwa kabla ya joto la kaskazi. Hana kiwanja chenye hati wala mshahara. Lakini kila Jumatatu anaweka fedha benki, na wateja wengine humlipa kwa simu. Akaunti hiyo ndiyo shahidi wake. Miezi sita ya kuweka fedha bila kukosa husema mengi kuliko barua ya mdhamini. Kwa hiyo hatumshauri mama huyu amfiche mkopeshaji akaunti yake. Anayekopesha ana haki ya kujua kama atalipwa, na anayekopa bila kupimwa uwezo wake mara nyingi ndiye anayeishia kuliuza hilo friza lenyewe.

Tunachouliza sisi ni hiki: aione kwa njia gani?

Maana akaunti haielezi biashara peke yake. Inaeleza ada ya skuli imelipwa lini, mama mzazi kule Pemba ametumiwa ngapi, dawa zimenunuliwa wapi, na fedha za upatu zimekwenda kwa nani. Ikiwa akaunti ni ya mke na mume, mshahara wa baba nao umo, na huenda yeye hajaulizwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata tunamkabidhi mtu tuliyekutana naye juzi.

Njia mbaya kuliko zote ni kumpa mkopeshaji neno lako la siri, au kumsomea ile namba ya uthibitisho inayotumwa na benki kwenye simu. Akishaingia kwa neno lako, kwa mitambo ya benki yeye ni wewe. Ataona mambo ya miaka iliyopita ambayo hayamhusu, na anaweza kuzihamisha fedha. Mkopeshaji wa kweli hahitaji namba hiyo hata siku moja. Anayeiomba, hata kama sauti yake ni tamu na anakuita mama kila baada ya neno, mkatie simu.

Ya pili ni zile programu za mikopo ya haraka. Unaipakua jioni, inakuuliza kama inaruhusiwa kusoma ujumbe wako na orodha ya majina yaliyomo kwenye simu, unabonyeza ndiyo kwa sababu sufuria iko motoni. Ujumbe inautaka kwa sababu ndimo zinamoandikwa fedha ulizopokea na salio lako. Majina je? Hayo hutumika baadaye. Ukichelewa kulipa, shemeji, mwalimu wa mtoto na mteja wako wa malai wanaletewa habari kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Wenzetu wa Kenya waliliona hilo mapema: mwaka 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia vitisho. Mwaka huohuo Google nayo ilizikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kufungua majina na picha za mteja. Ndiyo maana baadhi ya watu hukutumia kiungo cha kupakua nje ya duka hilo. Usikifuate.

Sasa, ndugu zetu walioko Uingereza wana njia nyingine, iliyoanza Januari 2018, ambayo tunaweza kuiita benki wazi. Jina hilo linatisha kuliko jambo lenyewe. Mkopeshaji haombi neno la siri. Anakupeleka kwenye programu ya benki yako mwenyewe, na hapo benki ndiyo inayokuuliza: je, unakubali kampuni hii isome akaunti hii, kwa kazi hii? Ukikubali, benki inampa ufunguo wa kusoma tu. Ruhusa hiyo haimwezeshi kutoa hata senti, na ukibadili nia unaweza kuifuta. Kampuni isiyosajiliwa na mamlaka hairuhusiwi kuifanya kazi hiyo. India nayo ilianzisha mfumo wa namna hiyo mwaka 2021, na mpelekaji wa taarifa huko hawezi hata kuzisoma. Yeye ni tarishi aliyebeba bahasha iliyogundishwa.

Huku kwetu mkopeshaji wa kawaida bado huomba karatasi, yaani taarifa ya akaunti yenye muhuri wa benki. Hata karatasi hiyo unaweza kuitoa kwa busara. Zungumza na mwenzio kwanza ikiwa akaunti ni yenu wawili. Akiomba miezi mitatu, usimpelekee mwaka mzima. Kila ukurasa andika kwa kalamu, katikati, si pembeni: kwa maombi ya mkopo tu, jina la mkopeshaji na tarehe. Muulize nani ataisoma, na itakaa kwake muda gani ukinyimwa mkopo. Na kama unaweza, biashara ipe akaunti yake, ili dawa za bibi na ada za watoto zisipite mezani kwa mtu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako azitumie kwa kazi aliyokueleza. Akizitumia kukuaibisha, iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Usiufute ule ujumbe wa matusi kwa hasira. Uhifadhi pamoja na tarehe yake, umwombe shemeji naye ahifadhi wake, mkapeleke yote mawili.

Deni likiisha, dai barua ya kumaliza deni. Kisha fungua mipangilio ya simu, uondoe ruhusa zote ulizoipa programu ile, ndipo uifute.