Ordinatere mpya ya Apple inakuja: tungoje ao tununue?



Siku ya Posho iliyopita, hapa kwetu Lubumbashi, kisha kuhesabu feza za kikundi, mkutano haukuisha upesi. Sanduku lina dolare 870. Ni feza ya wamama 24, iliyokusanywa kidogo kidogo kwa miaka miwili, ya kununua ordinatere moja ya kikundi. Tunataka kuandika ndani yake daftari la likelemba, kupiga mitihani ya masomo ya jirani kwa malipo, na kuandikia wamama barua zao bila kupanda mjini.

Wakati tulipotaka kuamua, binti wa mama mmoja, anayesoma kwenye universite, aliinua mkono: "Wamama, msinunue sasa. Mbele ya mwaka huu wa 2020 kuisha, Apple itatoa ordinatere ya namna mpya kabisa. Tungoje hiyo." Mama mtunza feza akamjibu: "Mtoto wangu, mimi nilizoea kununua samaki ninayemwona kwa macho." Watu wakacheka, lakini kicheko hakikumaliza neno. Mama mwingine akasema tukope dolare 300 ili tununue ile nzuri mara moja. Ndipo wakatuomba sisi walimu wa kikundi tueleze jambo hili katika gazeti, ili kila mmoja alifikiri kwa utulivu.

Tusisahau kwa nini wamama wanaogopa. Ordinatere yetu ya kwanza tuliinunua kwa mtu, imekwisha kutumika, kwa dolare 150. Ilikuwa inang'aa kama sahani mpya. Juma la tatu batri ikafa. Tangu hapo, kila mara umeme ulipokatika, kazi ilipotea. Siku moja ilipotea hesabu ya mwezi mzima, na wamama wawili walikaa miezi bila kusalimiana kwa sababu ya zamu ya likelemba ambayo hakuna aliyeweza kuihakikisha. Kwa hiyo, tunapoongea juu ya ordinatere, tunaongea pia juu ya amani yetu.

NI KITU GANI KINACHONGOJEWA?

Tarehe 22 mwezi wa 6 mwaka 2020, mkubwa wa Apple, Tim Cook, alitangaza kwamba ordinatere zao zitaacha ubongo unaotengenezwa na kampuni ya Intel, na zitatumia ubongo ambao Apple inauchora yenyewe. Alisema ya kwanza itatoka mbele ya mwaka kuisha, na kwamba badiliko lote litachukua karibu miaka miwili. Hakusema ni ordinatere gani itatangulia wala bei yake.

Ubongo huo si kitu cha kubahatisha. Tangu mwaka 2010 Apple inachora ubongo wa telefone zake. Telefone iliyoonyeshwa tarehe 13 mwezi wa 10 mwaka 2020, iPhone 12, ilikuwa na ule uliokuwa mpya kabisa wakati huo, unaoitwa A14. Ubongo wa telefone umezaliwa katika umaskini wa umeme: batri ni ndogo, hakuna nafasi ya feni ya kupoza, na mtu anaishika mkononi, kwa hiyo isiwe moto. Basi ulijifunza kufanya kazi nyingi kwa umeme kidogo. Ubongo wa Intel ulikulia katika mashini kubwa za mezani zilizofungwa ukutani. Una nguvu, lakini unakula umeme na kutoa joto.

Mama aliyepika kwa makala atatuelewa upesi. Kuna babula inayomaliza mfuko wa makala kwa juma moja, na kuna ile iliyojengwa vizuri inayopika sufuria zilezile kwa nusu ya mfuko. Chakula ni kimoja, lakini mfuko unaona tofauti. Ndiyo ahadi ya ordinatere hiyo: nguvu zaidi, joto kidogo, na batri inayokaa. Kwetu, ambako umeme unaweza kwenda asubuhi na kurudi usiku, tunapendezwa na batri kuliko mbio.

UMBO NALO

Watu wanatamani pia umbo. Apple ilianza mchezo huu tarehe 15 mwezi wa 1 mwaka 2008, San Francisco, wakati Steve Jobs alipotoa MacBook Air ya kwanza ndani ya bahasha ya karatasi, bahasha ya ofisi ya kawaida. Watu walishangilia. Lakini ilikuwa ya dolare 1,799, ilikuwa na tundu moja tu la USB, na batri yake haikufunguliwa na mwenyewe. Air iliyotoka mwezi wa 3 mwaka 2020 ina kilo 1.29, chini ya mifuko miwili ya sukari ya kilo moja moja, na bei yake kule Marekani ilianzia dolare 999.

Wembamba una gharama yake. Mwaka 2015 Apple ilitoa MacBook nyembamba sana isiyo na feni, na ili iwe nyembamba ikabadilisha namna vidonge vya kuandikia vinavyosimama. Vumbi kidogo tu likiingia, herufi ilikwama ao ilijiandika mara mbili. Malalamiko yakawa mengi hata mwezi wa 6 mwaka 2018 Apple ikakubali kutengeneza vidonge hivyo bila malipo. Mwisho wa mwaka 2019 ilianza kurudia namna ya zamani. Wamama, ikiwa vumbi lilishinda mashini hizo katika ofisi za Marekani, tufikiri juu ya vumbi letu la mwezi wa 8! Wazee walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, programu. Ubongo mpya unaongea lugha nyingine. Programu zilizoandikwa kwa ajili ya Intel zitahitaji mkalimani, na Apple imemtayarisha, jina lake Rosetta 2. Ilionyesha pia Word na Excel zikifanya kazi bila mkalimani. Lakini kuweka Windows pembeni, kama wengine walivyofanya kwenye Mac za Intel, njia ile ya Apple haitakuwepo tena. Mwenye programu ya kazi inayotaka Windows, aulize mbele ya kulipa.

Pili, memori. Katika MacBook Air memori imebandikwa kabisa. Huwezi kuongeza kesho. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho.

Tatu, matundu. Air ya mwaka 2020 ina matundu madogo tu ya namna mpya. Kile kijiti cha USB tunachobebea mitihani hakiingii bila kiunganishi, nacho kinanunuliwa mbali.

Ine, fundi. Mashini ikifika mpya kabisa, fundi wa mtaa hajaifungua hata mara moja. Tutakuwa sisi wa kwanza kumfundisha kazi, kwa feza yetu.

NA KOBALTI YETU?

Mama mmoja aliuliza: "Kwa nini kitu hiki kinatuwia bei hivi, na batri yake inatoka kwetu?" Swali lake ni la haki. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi, na kobalti inaingia katika batri za telefone na ordinatere. Wamama wengi wanaosoma hapa wana ndugu ao mume kwenye mashimo. Lakini mawe yanapita Kasumbalesa juu ya malori, sehemu kubwa inasafishwa China, na huko ndiko mashini nyingi zinaunganishwa. Jiwe linatoka likiwa jiwe na kurudi likiwa ordinatere, na feza kubwa inabakia njiani, kwa wale wanaojua kuchora ubongo na kuunganisha vipande. Hatuwezi kurekebisha hilo kwa dolare 870. Tunaweza tu kuhakikisha kwamba binti anayesema "tungoje" anamaliza masomo yake. Jambo hilo si dogo.

SHAURI LETU

Tumefikiri sana, na tunasema wazi.

Tusikope. Deni la dolare 300 lenye riba, kwa mashini ambayo hakuna aliyekwisha kuigusa, linaweza kuvunja kikundi kuliko hesabu ile iliyopotea.

Kungoja nako kuna bei. Masomo yalifunguliwa tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 2020 kisha miezi mingi ya kukaa nyumbani kwa sababu ya korona. Mitihani itakuja, na kila karatasi inayopigwa mjini ni faranga zinazotoka mikononi mwetu.

Kwa hiyo tunaona vema kununua sasa ordinatere ya kawaida, kwa nusu ya sanduku ao pungufu, na kuacha nusu nyingine ipumzike. Lakini tusinunue kwa macho tena. Tuiwashe bila kuifunga kwenye umeme na kuandika nayo kwa saa tatu mbele ya muuzaji. Tupige kila kidonge cha herufi, kimoja kimoja. Tushike chini yake kusikia joto. Tuulize kama batri inaweza kubadilishwa hapa Lubumbashi na kwa bei gani. Tuandike karatasi ya ahadi ya mwezi mmoja, yenye sahihi ya muuzaji. Muuzaji akikataa, tuondoke kwa heshima. Na kila jioni hesabu iandikwe pia kwenye kijiti cha USB, kikae kwa mama mtunza feza.

Ile mpya ya Apple, tuiache ifike, wengine waifungue, vumbi liijaribu. Kisha mwaka mmoja tutajua kama batri yake inakaa kweli, na kama mkalimani wake hachoki. Ikiwa ahadi ni ya kweli, sanduku letu litakuwa limekua, na tutamwomba binti yetu msamaha tukiwa na feza mkononi.

Yeye hakubali bado. Anasema mashini iliyokwisha kutumika ni bahati nasibu, na kwamba wamama wanaogopa kitu kipya. Labda ana haki. Ndiyo maana hatuamui sisi tunaoandika. Siku ya Posho inayokuja tutapiga kura, kila mama kura yake moja, aliyesoma na asiyesoma. Mje na maneno yenu. Daftari la feza litakuwa mezani, lile la karatasi.