Sataranji ya barua na farasi aliyeachwa aliwe

Kwetu Tarakea, ng'ambo ya mpaka ni Loitokitok. Kijana wetu mmoja hucheza sataranji na binamu yake aliye huko kwa kutumiana ujumbe wa simu, hatua moja kwa siku. Juma lililopita alitaka kujitetea kwa Ulinzi wa Farasi Wawili, nasi tukampangia ubaoni mchezo wa zamani: ule wa Yakov Estrin wa Moscow na Hans Berliner wa Marekani, uliochezwa kwa posta katika shindano la tano la ubingwa wa dunia, 1965 hadi 1968.

Estrin alikuwa bingwa wa ulinzi huo, na kitabu ameuandikia. Berliner, mwenye weusi, akamfuata humohumo. Kufikia hatua ya 10, farasi wake na tembo wake (Wazungu humwita askofu, lakini Waarabu walimjua kwa jina la ndovu) walikuwa wote wawili mdomoni mwa askari. Hakumwokoa hata mmoja. Alisogeza askari wa kati nyumba moja tu mbele. Estrin akamla farasi, lakini vipande vyake vya upande wa waziri vilichelewa mno kutoka nyumbani, na baada ya hatua 42 mchezo ukawa wa Berliner.

Wapo watakaouliza hukumu. Wanazuoni wengi wameukataza mchezo huu. Katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu, kauli mashuhuri ni karaha, maadamu hakuna kamari wala swala haitolewi nje ya wakati wake. Hapo mchezo wa barua una nafuu yake. Kanuni ya posta ilimpa mchezaji siku 30 kwa hatua 10, bila kuhesabu siku za barua njiani. Adhana ikisikika, ubao unasubiri.

Tatizo ni kwamba unasubiri kichwani pia. Kijana alitukiria kuwa katika rakaa ya pili ya Isha alikuwa akimtafutia farasi wake njia. Mama yake hakumgombeza. Alichukua simu, akasema majibu ya Loitokitok yatafunguliwa baada ya Isha, si kabla, na simu italala chumbani kwake.

Jana usiku ikafunguliwa. Binamu amemla farasi.