Wachumba, pimeni damu kabla ya kuoana
Je, msomaji, wajua kwamba wazazi wenye afya njema waweza kumzaa mtoto mwenye selimundu? Katika maradhi haya, chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa. Si uchawi wala hayaambukizi, hurithiwa.

Kila mtu hupata jeni moja ya chembe hizo kwa baba na nyingine kwa mama. Mwenye jeni moja tu yenye kasoro kwa kawaida haugui. Mwaka 1954 Dkt Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha kuwa jeni hiyo humkinga na malaria. Ndiyo sababu imeenea Pwani na Nyanza.

Lakini wawili walio nayo wakioana, katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Pimeni mapema.