Rangi ya Chumba cha Kazi: Liulize Kwanza Jua

Sehemu ya pili kati ya tatu

Juma lililopita tuliuacha ukuta ukiwa tayari: umekwanguliwa, nyufa zimezibwa, msasa umepita na praima imekauka. Leo tunafungua kopo. Lakini kabla hatujalifungua, naomba nikiri kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha mengi ya haya nitakayoyasema.

Korona ilipoingia mwaka 2020, nilikigeuza chumba cha watoto waliokwisha kuhama kuwa chumba cha kazi. Nyumba iko Dar es Salaam, na dirisha la chumba hicho linatazama kaskazini. Nilikuwa na kitabu cha mapambo ya nyumba kilichochapwa Uingereza, nacho kilisema chumba cha kaskazini ni cha baridi na kiza, kipewe rangi ya joto. Nikaenda dukani, nikachagua manjano kwenye kadi. Chini ya taa ya tyubu ilikuwa kama maziwa yaliyodondoshewa tone la bizari.

Fundi alipomaliza mkono wa pili alisimama mlangoni, kichwa upande. "Mwalimu, rangi hii uliitazamia wapi?"

Nikamjibu, dukani.

"Dukani kuna taa," akasema, akiikung'uta brashi. "Hapa kuna jua."

Ilipofika Juni, kukaa mle kulikuwa kama kukaa ndani ya embe dodo. Karatasi nyeupe ziligeuka njano mezani. Katika mkutano wa video, mwenzangu mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimewahi kupima ini.

Kitabu hakikusema uongo; kilisema ukweli wa kwao. London iko nyuzi 51 na nusu hivi kaskazini mwa ikweta. Jua la adhuhuri huko huwa upande wa kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini huambulia mwanga wa anga, wenye ubuluu, pamoja na miale michache ya asubuhi na jioni wakati wa kiangazi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tangu mwanzoni mwa Machi mpaka mapema Oktoba, jua letu la adhuhuri liko kaskazini, na Juni huinama hadi nyuzi 30 hivi kutoka utosini, likachungulia dirishani. Desemba, likiwa limehamia kusini, huinama nyuzi 17 hivi tu, na upenu mpana wa paa hulizuia. Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, pande hizo mbili hugawana jua karibu sawa. Ama madirisha ya mashariki na magharibi, hayo ni makali katika ukanda wetu wote, kwa sababu jua huyaingia likiwa chini na kufika moja kwa moja mezani.

Basi swali la kwanza si "napenda rangi gani?" bali "chumba hiki kinapata mwanga gani, na saa ngapi?" Kinachopigwa na jua la alasiri kitafaidika na rangi zilizotulia: samawati iliyopauka, kijivu chenye chembe ya kijani, nyeupe isiyo kali. Kile ambacho dirisha lake limebanwa na ukuta wa jirani ndicho kinachostahili krimu au manjano hafifu. Tazama pia nje. Udongo mwekundu, paa la vigae au ukoka uliostawi hurudisha mwanga uliokwisha kutiwa rangi, na mwanga huo huingia nao ndani.

Hatua ya pili ni kuitenganisha rangi katika sifa zake. Mwaka 1905 Albert Munsell, mwalimu wa sanaa wa Boston, Marekani, alichapisha mfumo unaotumika hadi leo. Alisema kila rangi ina mambo matatu: aina yake, yaani ni nyekundu, njano au buluu, weupe au weusi wake, na jinsi ilivyokolea. Wateja wengi hubishana juu ya la kwanza peke yake. Katika chumba cha kazi, hayo mawili mengine ndiyo yenye uzito. Ukuta mweupe hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Wa rangi nzito hurudisha sehemu ndogo tu, nawe utawasha taa mchana. Kuhusu madai kwamba buluu humfanya mtu azingatie kazi na nyekundu humchangamsha, tafiti zimetoa majibu yanayogongana. Nisingechagua rangi ya ukuta kwa ushahidi huo.

Kukolea kuna mtego wake. Mwanga unaopiga ukuta wa manjano huondoka umebeba manjano, ukapiga ukuta wa pili na kuongezewa, ukarudi wa kwanza na kuongezewa tena. Ndiyo maana rangi iliyokuwa ya haya kwenye kadi ndogo hupiga kelele ikienea kuta nne. Ukiipenda rangi kwenye kadi, chukua iliyopauka kuliko hiyo.

Wazee wa mwambao walilijua somo la weupe zamani. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba, maana upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko, na cha ndani kabisa kiko mbali na mwanga wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Kuta zake zilipakwa chokaa nyeupe na kuchongwa zidaka, na mwanga kidogo uliofika huko haukupotea bure.

Lugha yetu nayo ina la kutufunza. Nyeupe, nyeusi na nyekundu ndizo rangi zenye vivumishi vya asili katika Kiswahili. Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969, walieleza kuwa lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo. Nyingine nyingi tumezipa majina ya vitu: kijani ni majani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, na kuna zambarau, waridi, hata damu ya mzee. Fanya hivyo hivyo dukani. Usimwambie mchanganyaji "kijani fulani hivi". Mpelekee kitu chenyewe.

Ukuta ulio nyuma ya kompyuta usiwe mweupe mno wala mweusi, ili jicho lisihangaike kati ya skrini na ukuta. Ulio nyuma ya mgongo wako ndio kamera inaouona, uwe mtulivu. Kote tumia rangi ya maji isiyong'aa, kwani rangi ya mafuta hurudisha taswira ya dirisha kwenye skrini.

Sasa jaribio. Chukua vibao au makatoni ya sentimita 60 kwa 60, kila kimoja ukipake rangi yake mikono miwili. Viegemeze ukuta mmoja, kisha mwingine, uvitazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi alasiri, na saa moja usiku taa ikiwaka. Kinachokupendeza nyakati zote nne ndicho.

Hesabu ya kununua ni rahisi. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina kuta za mita za mraba 32. Toa mlango na dirisha, zibaki 28. Mikono miwili ni 56. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, kwa hiyo unahitaji lita 6 hivi. Makopo yote yachanganye kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, yasije yakatofautiana katikati ya ukuta.

Mimi mara ya pili nilipeleka dukani ganda la yai la bata. Fundi alipokuja kukipaka chumba upya hakuniuliza niliitazamia wapi. Vibao vitatu vilikuwa bado vimeegemea ukutani, na cha katikati ndicho alichokiokota.

Juma lijalo: taa, mapazia na dari.