KWA NINI HOTUBA YANGU HAIKUFAA

Muhula uliopita niliwahutubia wenzangu wa bweni juu ya vyandarua. Nilisema kwa nguvu, nikapigiwa makofi. Usiku ule nilipopita na tochi nilikuta vyandarua vingi vimefungwa mafundo juu, na wenyewe wamelala fofofo. Baada ya majuma machache watatu wetu walilazwa kwa malaria. Nilikasirika, nikawaita wote wakaidi.

Mwalimu mmoja akanipa kusoma habari za Kurt Lewin, mtaalamu wa saikolojia aliyezaliwa mwaka 1890. Alifundisha Berlin, akahamia Marekani mwaka 1933, Wayahudi walipoanza kuteswa Ujerumani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyama ilikuwa haba Marekani, ikatakiwa akina mama wapike moyo na figo za ng'ombe. (Kwetu vitu hivi hugombewa, wao waliviona kinyaa.) Lewin alichukua vikundi sita vya akina mama, kila kimoja watu 13 hadi 17. Vitatu vilipewa hotuba nzuri na maelezo ya mapishi. Vitatu vilizungumza vyenyewe: mume akikataa je? Harufu jikoni itaondolewaje? Mtaalamu wa chakula aliwajibu baada ya wao kutoa shida zao, kisha waliokubali kujaribu wakainua mikono. Kila kikao kilikuwa cha dakika 45. Baadaye ilionekana kwamba kati ya waliohutubiwa, 3 tu kwa mia walikuwa wamepika nyama ile mpya kwao. Kati ya walioamua pamoja, 32 kwa mia.

Lewin alieleza kwamba desturi ya mtu imeshikwa na kundi lake, naye huogopa kujitenga nalo. Kwa hiyo desturi hufanywa kama barafu: kwanza iyeyushwe, kisha isogezwe, halafu igandishwe tena mahali papya. Mimi nilitaka kusogeza barafu ngumu kwa maneno.

Muhula huu sikuhutubia, niliuliza. Wakasema joto ni kali, vyandarua vimetoboka, tena anayeshusha chandarua huitwa bibi harusi. Hilo la mwisho sikulijua kabisa, ijapokuwa nalala humo humo! Tulizungumza mpaka kengele, na 19 kati yetu 24 wakainua mikono. Sasa wengi hushusha. Watano bado wanakataa, mmoja wao ni jirani yangu wa kitanda. Matundu tunayashona kwa zamu, maana sindano tunazo mbili tu.